Bukingi imelala Junk, tapeli yuko Inbox: kichujio cha barua taka hufundishwa vipi

Kila msimu wa wageni ukikaribia, wenye nyumba za kukodisha Malindi na Watamu hurudia lalamiko lilelile. Mgeni wa Milano aliandika tangu wiki iliyopita akiulizia chumba cha watu wawili, barua yake ikalala kwenye folda ya Junk mpaka akakata tamaa na kutafuta kwingine. Siku hiyohiyo, mtu asiyejulikana anayejiita wakili wa marehemu tajiri amepita mlango wa mbele na kuingia Inbox bila kuulizwa. Jawabu la barazani huwa fupi: "Seva hiyo mbovu, hama." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi seva haina neno. Kichujio ndicho hakijawahi kufundishwa, au kimefundishwa upande mmoja tu.

Tuanze na majina. Barua taka ni barua pepe inayorushiwa watu maelfu bila wao kuiomba: matangazo, ulaghai, ankra za uongo zenye faili la virusi ndani. Barua halali ni zote zilizobaki, pamoja na zile zinazokuudhi. Hapo ndipo wengi huteleza. Barua ya kukumbushwa deni haipendezi, lakini si taka. Jarida la kampuni ya ndege ulilojiandikisha mwenyewe miaka mitatu iliyopita ukalisahau, nalo si taka. Ukiliita taka, umekifundisha kichujio kuyashuku maneno ya kampuni ile, na tiketi ya mgeni wako ikija kesho itashukiwa nayo. Jarida kama hilo dawa yake ni kujiondoa kwenye orodha.

Seva ya pamoja ni kompyuta moja iliyokodishwa kwa wateja wengi, kila mmoja na tovuti yake na barua zake. Ifikirie kama jahazi la mizigo: shehena ni ya watu kumi na zaidi, chombo ni kimoja. Kila mtu ana magunia yake, lakini mmoja akipakia magendo, forodha huzuia jahazi zima. Tutalirudia jahazi hili baadaye.

Kichujio chenyewe ni programu inayoisoma kila barua kabla haijakufikia. Kwenye seva nyingi za kukodisha, hasa zenye cPanel (ukurasa wa kusimamia akaunti yako ya seva), programu hiyo ni SpamAssassin, iliyotoka mwaka 2001 na iliyo chini ya shirika la programu huria la Apache tangu 2004. Namna inavyofanya kazi anaijua yeyote anayenunua samaki sokoni. Mnunuzi mzoefu hamwulizi muuzaji kama samaki ni wa leo. Hutazama jicho: limejaa na kung'aa, au limezama? Hufunua tamvua aone kama bado ni jekundu. Hubonyeza nyama kwa kidole aone kama inarudi. Ishara moja haitoshi, kwa sababu changu aliyelazwa kwenye barafu huweza kuwa na jicho la ukungu na bado ni mzima. Mnunuzi hujumlisha, kisha huamua.

SpamAssassin nayo hujumlisha. Ina mamia ya kanuni, na kila kanuni ina alama zake. Mada ya barua imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, alama kidogo. Kiungo kinakwenda kwenye tovuti iliyo katika orodha nyeusi, alama nyingi. Mtumaji amethibitika kuwa ndiye, alama hupunguzwa. Jumla ikifika 5.0, kiwango cha kawaida, barua inaitwa taka. Fungua barua yoyote, chagua kuona vichwa vyake kamili (mistari ya kiufundi iliyo juu ya barua), na utakuta mstari kama huu:

X-Spam-Status: No, score=3.7 required=5.0

Baadhi ya seva huongeza hapo majina ya kanuni zilizogonga, nyingine huyaficha. Yakionekana, tafuta yanayoanza na BAYES. Hayo ndiyo yanayohusu mafunzo. Kanuni nyingine zote zimeandikwa na watu walio mbali, wengi wao wakitazama taka za Kiingereza. Hawajui kwamba nyumba yako hupokea barua za Kiitaliano kila siku, wala hawajawahi kuliona neno "umeshinda".

Jina Bayes ni la Thomas Bayes, mhubiri wa Kiingereza aliyefariki 1761. Andiko lake kuhusu uwezekano lilichapishwa 1763, yeye akiwa kaburini, na huenda angeshangaa kujua limeishia kulinda Inbox za watu. Wazo lake tunalitumia hivi. Chukua barua 300 za taka na 300 za halali zilizokufikia wewe. Hesabu kila neno limetokea katika barua ngapi za kila upande. Tuseme "urithi" limetokea katika taka 45 na halali 1. Gawanya 45 kwa 46, unapata karibu 0.98: neno linalonuka. Tuseme "ankra" limo katika taka 60 na halali 90. Hiyo ni 60 kwa 150, yaani 0.40: neno la kawaida tu, kwa sababu matapeli hulitumia na wauzaji wako wa mboga hulitumia pia. Na "prenotazione", neno la Kiitaliano la bukingi, limo katika halali 80 na halimo kwenye taka hata moja. Linakaribia sifuri, na sifuri hapa ni sifa njema.

Barua mpya ikija, kichujio huyachukua maneno yake yenye uzito na kuyaunganisha kuwa namba moja kati ya 0 na 1. Namba hiyo hugeuzwa alama. Ikiwa 0.99 na kuendelea, kanuni ya BAYES_99 huongeza 3.5 kwa viwango vya kawaida. Ikiwa karibu kabisa na sifuri, BAYES_00 huondoa 1.9. Ikiwa katikati, BAYES_50 huongeza 0.8, maana yake kichujio kinakuna kichwa.

Fanya hesabu uone. Barua ya wakili wa marehemu imeandikwa kwa ustadi, kanuni za kawaida zimeipa 1.8 tu. Bila mafunzo inaingia Inbox. Ikiongezwa 3.5 inafika 5.3, inakwenda Junk. Sasa barua ya mgeni wa Milano: ameandika kutoka simuni, picha nyingi, maneno machache, anwani ya bure. Imekusanya 5.6 na iko Junk. Ikiondolewa 1.9 inashuka hadi 3.7, na hiyo ndiyo namba ya mstari uliouona juu. Kilichomwokoa mgeni huyu ni zile barua halali ulizokionyesha kichujio. Taka, hata ungekionyesha gunia zima, zisingemsaidia.

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalorudiwa kila mahali: watu huonyesha taka peke yake. Wanakasirika, wanazikusanya, wanazisukuma. Barua nzuri hakuna anayekumbuka kuzionyesha, kwa kuwa hazimkeri mtu. SpamAssassin imejikinga na hilo kwa sharti moja: kitengo cha Bayes hakitoi alama yoyote mpaka kiwe kimefunzwa angalau taka 200 na halali 200. Ukikipa taka 5,000 na halali 199, kitakaa kimya. Amri ya mafunzo ya SpamAssassin huitwa sa-learn. Ukiwa na nafasi ya kutoa amri kwenye seva, andika:

sa-learn --dump magic

Utaletewa mistari kadhaa. Miwili ndiyo muhimu, mmoja unaishia na nspam (idadi ya taka) na mwingine na nham (idadi ya halali). Tuseme wa kwanza una 214 na wa pili 187. Mwenye akaunti hii anaapa kwamba amefundisha mwezi mzima na hakuna kilichobadilika. Anasema kweli. Amebakiza barua halali 13.

Kwa biashara ya pwani kuna jambo la lugha. Kichujio hukata maneno penye nafasi, wala hakijui sarufi. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, umeshinda, mmeshinda, utashinda, aliyeshinda na ushindi ni ndugu wa mzizi mmoja. Kwa kichujio ni wageni watano wasiojuana, na kila mmoja lazima ahesabiwe peke yake. Kwa hiyo taka za Kiswahili zinahitaji mifano mingi zaidi kabla hazijaanza kunaswa vizuri. Usishangae taka za Kiingereza zikikoma mapema huku ulaghai wa Kiswahili ukiendelea kupenya wiki kadhaa. Kiitaliano upande wako kina faida: maneno kama camera matrimoniale na colazione hayatumiwi sana na matapeli wanaokulenga, basi barua chache tu zinatosha kuyapa sifa njema.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza hakikisha barua zinabaki kwenye seva. Programu ya barua iliyowekwa kwa POP huzivuta barua hadi kwenye kompyuta ya ofisini na kwa kawaida huzifuta kwenye seva. Hapo sa-learn haina cha kusoma. Weka IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva. Kisha tengeneza folda mbili ndani ya akaunti ya bukingi, ziitwe Jifunze-Taka na Jifunze-Halali. Kwa siku kumi na nne au zaidi, kila taka iliyopenya Inbox ihamishe iingie ya kwanza. Kila barua nzuri, hasa iliyokuwa imepotelea Junk, inakili iingie ya pili: maswali ya wageni, ankra za wauzaji, majibu ya mawakala, hata barua za benki. Kunakili, si kuhamisha, la sivyo karani wa zamu ya jioni ataitafuta bukingi asiione.

Amri ni mbili:

sa-learn --spam ~/mail/DOMENI/bukingi/.Jifunze-Taka/cur

sa-learn --ham ~/mail/DOMENI/bukingi/.Jifunze-Halali/cur

Neno DOMENI libadilishe kwa jina la tovuti yako. Nukta iliyo mbele ya jina la folda si kosa la uchapaji, ndivyo seva inavyozihifadhi. Barua ambazo programu ya barua haijaziona bado hukaa kwenye folda jirani iitwayo new badala ya cur, basi zikiwapo isomwe nayo. Kama hukupewa dirisha la kutoa amri, sehemu ya kazi za ratiba kwenye cPanel hufanya kazi hiyohiyo. Panga iende mara moja kwa usiku, saa tisa na robo hivi, wakati majirani zako wa seva wamelala. Angalia saa ya seva: nyingi hutumia UTC, nayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa tisa na robo usiku ya Malindi huko ni 00:15. Usiipange kila baada ya dakika tano. Seva ya pamoja ina mipaka ya matumizi, na mwenye seva huikata kazi inayokula nguvu nyingi, pengine bila kukuarifu.

Huna haja ya kuogopa barua kusomwa mara mbili. Programu hukumbuka ilizokwisha kuziona na huziruka. Ukikosea ukaiita halali taka, ihamishie folda ya pili tu. Ikisomwa tena kama halali, funzo la awali hufutwa lenyewe. Ila zisafishe folda hizo kila baada ya mwezi mmoja, kwa sababu kwenye seva kila barua ni faili, na akaunti za kukodisha huwekewa kikomo cha idadi ya mafaili mbali na kikomo cha ukubwa. Nafasi ikijaa, barua za wageni hurudishwa kwa mtumaji, na hapo kichujio hakihusiki hata kidogo.

Mifano yenyewe iwe ya wakati mmoja. Ukichukua halali za mwaka juzi na taka za wiki hii, kichujio kinaweza kujifunza tofauti ya miaka badala ya tofauti ya tabia, kwa kuwa husoma na vichwa vya barua, na humo mna alama za programu na seva zilizotumika siku hizo. Na usimtumie fundi mfano wa taka kwa kuisambaza kama barua ya kawaida. Ukiisambaza, vichwa vyake vya asili hupotea na mahali pake huwekwa vyako. Fundi akiifundisha hiyo, amekifundisha kichujio kwamba wewe ndiye tapeli.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo, na huwanasa hata mafundi. Tovuti nyingi zina fomu ya "wasiliana nasi". Roboti huijaza matangazo, na barua inayokufikia imetumwa na seva yako mwenyewe, kwa anwani yako mwenyewe, kwa mpangilio uleule wa fomu: Jina, Tarehe ya kufika, Idadi ya wageni. Ukiziita hizo taka mara hamsini, mpangilio wa fomu wenyewe unakuwa ishara ya taka, na mgeni wa kweli atakayeijaza ataishia Junk. Taka za fomu zizuiwe kwenye fomu, kwa kile kijaribio cha kutofautisha mtu na roboti. Zisiingie kabisa kwenye folda ya mafunzo.

Kichujio pia hujifunza peke yake ukikiacha. Kwa kawaida, barua iliyopata chini ya 0.1 huihesabu halali bila kukuuliza, na iliyofika 12 huihesabu taka. Ni msaada, lakini tapeli aliyeandika kwa unadhifu akapata alama sifuri huingizwa kwenye kundi la wema. Ndiyo sababu taka iliyopenya isiachwe Inbox: kila siku inayokaa hapo bila kusahihishwa, inasomesha upande usio wake. Mwenye kutaka kufundisha kwa mkono tu ataandika bayes_auto_learn 0 katika faili la user_prefs, ndani ya folda ya .spamassassin.

Yapo na yanayosemwa yasiyo na msingi. Kwamba kufuta barua kunakifundisha kichujio: hapana, kufuta ni kufuta. Kwamba kubonyeza kitufe cha taka kwenye simu kunatosha: kwa kampuni kubwa za barua za bure ni kweli, kwenye seva ya kukodisha mara nyingi kitufe hicho huihamishia barua Junk basi, isipokuwa mwenye seva ameunganisha folda hiyo na mafunzo. Muulize. Kwamba tapeli umzuie kwa anwani yake: anwani ya mtumaji huandikwa tu, kama jina nyuma ya bahasha, na kesho atakuja na nyingine. Kwamba kiwango kishushwe kutoka 5 hadi 2 ili kuwakomesha: utawakomesha, pamoja na wageni wako.

Kosa la hatari kuliko hayo ni kuiweka domeni yako mwenyewe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Hoja huonekana nzuri, kwamba barua za ofisini zisipotee. Lakini ruhusa ya namna hiyo huondoa alama 100. Tapeli akiandika barua yenye jina la meneja wako na domeni yako kwenye sehemu ya mtumaji, akamwambia mhasibu alipe ankra fulani leo, hakuna kanuni itakayoweza kuizuia. Ipo ruhusa ya aina nyingine, welcomelist_auth, inayomkubali mtumaji pale tu SPF au DKIM, njia za kuhakiki domeni ya mtumaji, inapothibitisha kwamba kweli barua imetoka kwake. Matoleo ya kabla ya 4.0 huiita whitelist_auth. Ukilazimika kuruhusu, tumia hiyo.

Turudi kwenye jahazi. Mafunzo yako hukaa wapi? Katika mpangilio wa kawaida wa cPanel hukaa ndani ya akaunti yako, hayachanganyiki na ya jirani. Lakini baadhi ya wenye seva huweka kumbukumbu moja ya wateja wote, na hapo mambo hugongana: mwenye duka la dawa hupokea kihalali majina ya dawa ambayo kwako ni taka tupu. Mbaya zaidi ni pale kichujio kinaposoma kumbukumbu ya pamoja huku amri yako ikiandika kwenye faili lako binafsi. Namba zako zinapanda vizuri, 400 na 400, na hakuna anayezisoma. Dalili yake ni hiyo: nspam na nham zimevuka 200, lakini barua mpya hazionyeshi BAYES yoyote mahali ambapo kanuni nyingine zinaonekana. Hilo huwezi kulitengeneza mwenyewe. Waandikie wenye seva, uwaambie namba ulizoziona.

Upande wa kutuma ni suala jingine, japo watu huliunganisha. Jirani wa seva akirusha taka, anwani ya mtandao mnayoshiriki inaweza kuingizwa kwenye orodha nyeusi kama za Spamhaus, na majibu yako kwa wageni yakaanza kuishia Junk huko Italia. Hakuna mafunzo ya kichujio chako yatakayolirekebisha, maana kinachohukumu ni kichujio cha mpokeaji.

Wengine huuliza kama siri za wageni zinabaki kwenye kumbukumbu ya mafunzo. Maneno hayahifadhiwi kama yalivyo. Kila neno hugeuzwa kuwa alama fupi za siri zisizosomeka, pamoja na hesabu zake, na ya zamani yasiyotumika hutupwa kumbukumbu ikizidi maneno 150,000 hivi. Zenye siri ni zile folda mbili za Jifunze, ambazo zina barua kamili, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzisafisha.

Na ukiamua kuhama kweli, kabla ya kufunga akaunti ya zamani toa amri ya sa-learn --backup, uelekeze matokeo kwenye faili, kisha uyarudishe kwenye seva mpya kwa --restore. Kurudisha hufuta kilichokuwapo, basi lifanye siku ya kwanza, kabla ya kufundisha chochote huko. Ukilisahau faili hilo, nspam ni 0 na nham ni 0, na kaskazi imeshaanza kuvuma.